Rufaa kwa Daktari Bingwa: Muda wa Kusubiri na Haki za Mgonjwa

Mkazi wa kata anapoambiwa na mganga wa zahanati kwamba maradhi yake yanahitaji daktari bingwa, mara nyingi hutoka chumbani akiwa na karatasi moja mkononi na maswali mengi moyoni. Aende wapi, na lini? Atalipa nini? Na akifika huko akaambiwa arudi baada ya miezi miwili, je, hilo ni jambo la kawaida au amedhulumiwa? Somo hili linaeleza namna rufaa inavyofanya kazi, mahali ambapo siku hupotea, na mambo ambayo mgonjwa ana haki ya kuyauliza bila kujiona msumbufu.

Ngazi na sababu yake

Huduma za afya nchini Tanzania zimepangwa kwa ngazi. Chini ipo zahanati ya kijiji au mtaa, kisha kituo cha afya, kisha hospitali ya halmashauri. Juu yake ipo hospitali ya rufaa ya mkoa, halafu hospitali za kanda kama Bugando ya Mwanza, KCMC ya Moshi na ile ya Mbeya. Mwisho ni Hospitali ya Taifa Muhimbili pamoja na taasisi zenye kazi mahsusi: Ocean Road kwa saratani, Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Taasisi ya Mifupa MOI ambayo pia hushughulikia ubongo na mishipa ya fahamu, Mirembe ya Dodoma kwa afya ya akili, na Kibong'oto mkoani Kilimanjaro kwa kifua kikuu sugu.

Mpangilio huu haukuwekwa ili kumchosha mgonjwa. Daktari bingwa wa upasuaji akimaliza asubuhi yake kwa kutibu mafua na malaria, mtoto aliyeziba utumbo atangoja koridoni. Kila anayeruka zahanati bila sababu huongeza urefu wa foleni ya mtu mwingine. Hata hivyo, si haki kuwalaumu wote wanaoruka ngazi. Wapo waliokwenda zahanati wakakuta dawa zimekwisha na mganga yuko semina, wakakata shauri la kutokwenda tena. Malalamiko ya namna hiyo ni ya kweli na yana mahali pake, nayo ni kamati ya usimamizi ya kituo husika, ambayo ina wajumbe kutoka miongoni mwa wananchi. Kupanda basi hadi mkoani humtibu mmoja kwa gharama kubwa na kuiacha zahanati kama ilivyokuwa.

Barua ya rufaa ina uzito mwingine wa kifedha. Mwenye bima anayefika hospitali ya juu bila fomu ya rufaa aweza kukataliwa malipo na mfuko wake, akajikuta analipa fedha taslimu kwa huduma ambayo angeipata kwa kadi. Dharura haimo katika utaratibu huu: aliyepata ajali, anayetoka damu nyingi, aliyepoteza fahamu au mjamzito mwenye degedege hupokelewa kwanza, karatasi zikafuata baadaye.

Si kila kusubiri ni sawa

Watu wengi huipima haki ya foleni kwa saa ya kufika. Aliyeamka saa kumi alfajiri huona ameonewa anapomwona aliyekuja saa nne akitangulizwa. Katika hospitali, hata hivyo, foleni hupangwa kwa uzito wa hali. Katika vitengo vya dharura wagonjwa hutenganishwa kwa rangi: nyekundu kwa asiyeweza kungoja hata dakika chache, njano kwa anayehitaji kuonwa mapema, na kijani kwa anayeweza kukaa benchi bila hatari. Kliniki za mabingwa nazo hufuata fikra hiyohiyo, ingawa rangi hazionekani. Mzee mwenye mtoto wa jicho na mtu mwenye ngiri isiyouma waweza kupangiwa tarehe ya mbali bila uhai wao kuingia hatarini. Hilo halina maana kwamba kungoja kwao ni bure, maana mzee asiyeona hushikwa mkono hata kwenda chooni, na anayemshika haendi shamba.

Yapo maradhi ambayo saa au siku chache huamua kila kitu, na wakazi wanapaswa kuyajua kwa sababu mara nyingi ucheleweshaji wake huanzia nyumbani.

La kwanza huzungumzwa kwa nadra kwa sababu ya haya. Mvulana anayepata maumivu makali ya ghafla ya korodani moja, hasa usiku, akatapika na asiweze kutembea vizuri, huenda mshipa unaoipelekea damu umejisokota. Akifikishwa kwa mpasuaji ndani ya saa 6 hivi, korodani huokolewa kwa kawaida. Akiletwa kesho yake, mara nyingi huondolewa. Vijana wengi hunyamaza mpaka asubuhi, na wengine hupewa dawa za ngiri nyumbani. Mzazi ambaye hajawahi kumwambia mwanawe wa kiume kwamba maumivu ya mahali hapo hayafichwi, na amwambie leo.

Mtoto mchanga ambaye macho yake yamebaki manjano baada ya wiki 2, na choo chake ni cheupe kama udongo mfinyanzi, huenda njia ya nyongo imeziba. Upasuaji wa kumsaidia hufaulu zaidi kabla hajatimiza siku 60. Kwa mtoto huyu, maneno "tungoje tuone" ni ya hatari. Vilevile mtoto ambaye mboni ya jicho lake inang'aa nyeupe gizani au katika picha ya simu anapaswa kuonwa na bingwa wa macho upesi, kwa kuwa hiyo yaweza kuwa dalili ya saratani ya jicho, ambayo ikiwahiwa hutibika. Na mtu mzima ambaye ghafla mdomo umepinda upande, mkono umelegea na maneno hayatoki sawasawa, apelekwe hospitali saa ileile bila kupitishwa kwanza popote pengine.

Mguu kifundo wa mtoto si dharura ya saa, lakini plasta zake hubadilishwa kila wiki kuanzia wiki za mwanzo za maisha, mifupa ikiwa bado laini, na kila mwezi unaopita huifanya kazi kuwa ngumu zaidi.

Mahali siku zinapopotelea

Uchukuliwe mfano wa kubuni, ambao kila hatua yake ni ya kawaida. Mama wa miaka 45 anagundua uvimbe titini alipokuwa akioga, mwezi Machi. Hauumi. Anaamua kungoja mavuno. Tarehe 3 Juni anakwenda zahanati, na mganga anamwandikia rufaa siku hiyohiyo. Nauli inatafutwa kwa wiki nzima, hivyo hospitali ya halmashauri anafika tarehe 10. Anapigwa ultrasaundi na kupewa barua ya kwenda mkoani, ambako anafika tarehe 17, siku ya Jumatano. Anaambiwa kliniki ya upasuaji ni Jumanne. Anarudi kwa ndugu, analala siku sita, kisha anaonwa na daktari bingwa na kuchukuliwa kinyama. Majibu, anaambiwa, yatakuwa tayari baada ya wiki 3 na atapigiwa simu. Namba aliyoiacha ni ya mwanawe, ambaye Julai anahamia mjini na kubadili laini. Majibu yanafika, simu inapigwa, haipatikani. Mwezi Septemba mama anarudi mwenyewe kwa sababu uvimbe umekua na sasa unavuta ngozi. Majibu yalikuwa kabatini tangu katikati ya Julai.

Tangu Machi hadi Septemba ni miezi 6. Foleni ya bingwa, ambayo ndiyo wengi wangeilaumu, ilichukua siku sita tu, nazo zilitokana na kutojua siku ya kliniki. Miezi mitatu ilipotea nyumbani, wiki moja kwa nauli, wiki tatu maabara, na takriban miezi miwili ndani ya kabati. Wiki za maabara haziwezi kufutwa kirahisi, kwani wataalamu wa kusoma vinyama ni wachache na hospitali nyingi hupeleka sampuli mbali. Miezi ya kabatini ingeweza kufutwa yote.

Kutokana na mfano huu, mgonjwa anayepewa rufaa asiondoke kabla hajaulizia jina la kliniki anayopelekwa na siku yake ya wiki. Mganga wa zahanati au hospitali ya halmashauri anaweza kupiga simu hospitali ya juu na kuuliza. Kumwomba afanye hivyo si kumtuma. Namba za simu ziachwe mbili, moja ikiwa ya mtu asiyehamahama kama jirani au mwenyekiti wa kitongoji, kwa ridhaa ya mgonjwa. Na pale anapoambiwa "utapigiwa", aombe tarehe iandikwe: ikifika tarehe hiyo bila simu, aende au atume mtu. Ukimya wa hospitali usichukuliwe kuwa habari njema.

Barua yenyewe ikaguliwe kabla ya kutoka. Barua nzuri hutaja jina na umri, maradhi yalianza lini, vipimo vilivyokwisha kufanywa na majibu yake, dawa zilizotumika, sababu ya rufaa, mahali anapopelekwa, kiwango cha haraka, kisha jina, saini, muhuri na simu ya aliyeandika. Yenye maneno mawili tu, "kwa matibabu zaidi", humlazimu bingwa kuanza upya, na mgonjwa hutolewa damu mara ya pili kwa kipimo kilichofanyika wiki iliyopita. Asiyejua kusoma ana haki ya kusomewa barua yake. Picha za eksirei na karatasi za majibu zibebwe katika mfuko mmoja, na nakala ya barua, au hata picha yake kwenye simu, ibaki kwa ndugu.

Haki zenyewe

Uingereza imeandika katika katiba ya huduma zake za afya kwamba mgonjwa asizidi wiki 18 tangu kupewa rufaa hadi kuanza matibabu yasiyo ya dharura. Kwa miaka kadhaa sasa lengo hilo halitimizwi kwa wagonjwa wengi, hivyo tarakimu peke yake haifupishi foleni. Lakini tarakimu humpa mgonjwa ujasiri wa kuuliza. Hapa nchini ahadi za muda hutafutwa katika Mkataba wa Huduma kwa Mteja wa hospitali husika, ambao hubandikwa ukutani na kupitwa na wengi bila kusomwa. Humo hutajwa pia haki na wajibu wa mgonjwa.

Mgonjwa ana haki ya kuelezwa maradhi yake kwa lugha anayoielewa, pamoja na hatari na njia nyingine za tiba, kabla ya kutia saini fomu ya ridhaa. Ana haki ya faragha: kuulizwa habari za siri mbele ya benchi la watu ishirini si utaratibu, ni uzembe, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihesabu habari za afya miongoni mwa taarifa nyeti. Ana haki ya kutaka mtazamo wa daktari wa pili. Na ana haki ambayo huombwa mara chache kuliko zote, yaani kuambiwa mahali alipo katika orodha ya kungoja. Maswali yanayofaa ni mepesi: jina langu limekwisha kuandikwa? Tarehe ni ipi? Hali ikibadilika kabla ya tarehe hiyo, nimwone nani? Swali la mwisho ndilo la lazima, kwa sababu orodha hupangwa kwa hali ya siku ile, na mgonjwa aliyezidiwa ana haki ya kupimwa upya na kusogezwa mbele.

Wazee wana nafasi yao. Agizo la kumpisha mzee apate huduma kwanza limebandikwa katika vituo vingi vya umma, na penye dirisha la wazee wasipangwe mstari mmoja na vijana. Vijana waliokaa benchi nao wana sehemu yao katika jambo hili.

Fedha

Uchangiaji wa gharama katika hospitali za umma ulianza mwaka 1993, na pamoja nao ukawekwa msamaha. Sera ya Afya ya mwaka 2007 inawataja watoto walio chini ya miaka 5, wajawazito, wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo, na wenye maradhi kadhaa yakiwamo kifua kikuu, ukoma, VVU na saratani. Asiye na uwezo ambaye hayumo katika makundi hayo naye aweza kuombewa msamaha. Njia yake ni barua ya utambulisho kutoka kwa mtendaji wa kijiji au kata, kisha kuonana na afisa ustawi wa jamii wa hospitali. Barua hiyo ichukuliwe kabla ya safari. Wengi huikumbuka wakiwa wamelazwa umbali wa kilomita 200 kutoka kwa mtendaji wao.

Wenye kadi waulize kadi inaishia ngazi ipi. Mfuko wa Afya ya Jamii ulioboreshwa, ambao kaya ya watu 6 ilichangia shilingi 30,000 kwa mwaka, ulimfikisha mwanachama hadi hospitali ya rufaa ya mkoa na si zaidi, jambo ambalo baadhi waligundua wakiwa getini mwa hospitali ya kanda. Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote Novemba 2023, na taratibu za zamani zinabadilika kadiri sheria hiyo inavyotekelezwa; kwa hiyo habari ya mwaka juzi isitegemewe bila kuulizia upya.

Malipo halali hufanywa kwa namba ya kumbukumbu, ile ambayo wengi huiita "kontrol namba", na hutolewa stakabadhi. Anayeombwa fedha mkononi ili jina lake lisogezwe juu katika orodha anaombwa rushwa, kosa chini ya sheria ya mwaka 2007, na TAKUKURU hupokea taarifa bila malipo kwa namba 113. Ikumbukwe kwamba katika orodha ya upasuaji hakuna nafasi inayozaliwa kwa fedha: anayesogezwa mbele kwa shilingi 20,000 amemsukuma nyuma mtu ambaye huenda ni mgonjwa kuliko yeye.

Kuhusu usafiri, mjamzito aliyepata dharura, aliyejifungua karibuni na mtoto mchanga hupelekwa bila malipo kupitia mfumo wa m-mama kwa kupiga 115. Simu hiyo yaweza kupigwa na familia yenyewe au na mhudumu wa afya.

Mabingwa wanapokuja wilayani

Tangu mwaka 2024 Wizara ya Afya imekuwa ikipeleka timu za madaktari bingwa katika hospitali za halmashauri kwa siku chache kila mara, na Taasisi ya Moyo nayo huendesha huduma ya tiba mkoba mikoani. Mwenye barua ya rufaa ambaye tarehe yake bado, aulize kwanza timu ijayo ina bingwa wa fani gani, kisha afike na barua, majibu na dawa zake. Kwa ngiri, uvimbe wa kizazi au mtoto mwenye moyo unaotiliwa shaka, ziara hiyo yaweza kuokoa safari nzima. Lakini asiyeponywa kwa siku moja asiridhike na kuonwa tu. Bingwa huondoka, kidonda au dawa za kila siku hubaki. Kabla timu haijafunga, mgonjwa ahakikishe ameandikiwa nani atakayemfuatilia na wapi.

Malalamiko na mrejesho

Aliyecheleweshwa bila maelezo, aliyetukanwa au aliyenyimwa barua aanze kwa mganga mfawidhi wa kituo, kwa maandishi yenye tarehe na saa. Asiporidhika aende kwa Mganga Mkuu wa Wilaya, na kwa hospitali za juu kwa uongozi wa hospitali hizo au Mganga Mkuu wa Mkoa. Wizara ya Afya hupokea maswali na malalamiko kwa namba 199 bila malipo. Jambo likihusu maadili ya daktari, lipo Baraza la Madaktari Tanganyika. Likihusu muuguzi au mkunga, lipo Baraza la Uuguzi na Ukunga. Lalamiko lenye tarehe, mahali na maneno yaliyosemwa hufanyiwa kazi. Lenye "pale hospitali wananyanyasa watu" ni gumu kulifuatilia.

Safari ya barua haiishii kwa bingwa. Mgonjwa anaporuhusiwa, anapaswa kurudi na mrejesho: karatasi inayosema nini kilionekana, nini kilifanyika, dawa zipi ziendelee kwa kipimo gani, na lini arudi. Bila karatasi hiyo, mganga wa zahanati hawezi kujua kama nyuzi zitolewe siku ya 7 au ya 14, wala kama dawa ya presha iliyobadilishwa ilibadilishwa kwa makusudi. Akiwa nayo, kusafisha kidonda, kutoa nyuzi, kupima presha na kuendeleza dawa nyingi vyaweza kufanyika kijijini, na nauli ya kwenda mkoani ikahifadhiwa kwa siku ambayo bingwa mwenyewe ndiye anayehitajika. Hivyo, kabla ya kuvua nguo za wodini, mgonjwa au ndugu yake aulize kama mrejesho umeandikwa, ausome au asomewe, na siku inayofuata aupeleke zahanati ileile iliyoandika barua ya kwanza.